Jioni Ilitajwa Kwanza

Juzi nilipita sokoni Ifakara, mbele ya meza ya mama mmoja anayeuza samaki waliokaushwa kwa moshi, na ghafla nikajikuta nawaza habari za kuumbwa kwa mbingu na nchi. Msinicheke. Wengine wakinusa kambale mkavu humeza mate. Mimi harufu ile hunipeleka moja kwa moja kwenye kitabu cha Mwanzo, kwa sababu Biblia ya kwanza niliyoisoma maishani mwangu ilinuka samaki.

Ilikuwa Biblia ya Bibi Ewalda, mama yake baba. Aliiogopea mchwa, kwa hiyo aliiweka darini juu ya mafiga, na darini hapohapo ndipo alipokaushia samaki wake. Kurasa zilikuwa zimegeuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Ukiifungua, moshi wa miaka na miaka unakupiga puani, na paka wa jirani alikuwa na tabia ya kuja kukaa karibu yetu kila tuliposoma, akisikiliza kwa makini kuliko waumini wengi niliowahi kuwaona.

Tulikaa upande wa Namawala, kwenye tambarare ya mpunga, ambako ukisimama shambani unaona milima ya Udzungwa upande mmoja na upande mwingine huoni mwisho wa majani. Wazee wetu walishuka kutoka Mahenge, na pamoja na mzigo wao walishuka na dini yao, Ukatoliki. Jumapili kijiji kizima, ukiwaondoa majirani zetu Waislamu, kilikuwa kigangoni. Baba hakuwahi kukosa. Bibi naye hakuwahi kukosa, mpaka alipokwenda Mang'ula kumuuguza dada yake.

Huko Mang'ula nyumba ya dada yake ilipakana na watu wanaosali Jumamosi. Bibi alikuwa akiosha vyombo uani huku mahubiri yakimjia kupitia dirishani. Aliyasikia, yakamwingia, akarudi nyumbani akiwa mtu wa Sabato. Hakujiunga na kanisa lolote, maana kwetu halikuwepo. Alisali peke yake chumbani. Tatizo ni kwamba mahubiri ya dirishani huyapati yote. Vyombo vikiisha unaondoka. Bibi alijua siku ipi ya kupumzika, lakini hakusikia inaanzia wapi na kuishia wapi. Akajipangia mwenyewe: jogoo akiwika Jumamosi, Sabato imeingia, akiwika Jumapili, imetoka. Ndani ya muda huo hakugusa jembe, mchi wala mwiko.

Baba alinung'unika kidogo, akazoea. Alikuwa akisema tu kwamba kwenye nyumba yetu wiki ina siku mbili za uvivu mtakatifu. Mambo yaliharibika Shangazi Dafroza alipochumbiwa.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba wa mwisho, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga. Mchumba wake alitoka Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero, na siku hizo daraja halikuwepo. Watu walivuka kwa pantoni. Padri naye alifika kigangoni kwetu kwa nadra, na siku aliyoitoa ya kufungisha ndoa, baada ya mavuno, ilikuwa Jumamosi. Ukoo wa ng'ambo ukakubali, pantoni ikapangwa, mchele ukaanza kutengwa. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza Bibi.

Lazima niwaambie kwa nini hilo lilikuwa kubwa. Kwenye ukoo wetu, mama wa binti ndiye anayekoroga sufuria ya kwanza ya wali wa harusi na kuwapakulia wakwe kwa mkono wake. Ngoma ya sangula ikishapigwa, ndiye anayemshika bintiye mkono na kucheza naye polepole mpaka kwa watu wa mume. Hapo ndipo binti anahesabiwa ametoka kwa heri. Mama asipofanya hivyo akiwa hai na mzima, watu wanaanza kunong'ona kwamba amemsusia mtoto.

"Kanisani nitakuja," Bibi alisema jioni ile Baba alipomwambia. "Kukaa na kusali si kazi. Ila sikorogi sufuria na sichezi ngoma. Siku hiyo si yangu, Karoli. Ni ya Mungu."

"Mama, ni mwanao wa mwisho."

"Najua ni mwanangu wa mwisho. Mimi ndiye niliyemzaa."

Baba akakasirika, na alipokasirika alikuwa mtu wa hoja. "Haya, Mama. Sabato ni siku ya saba, si ndiyo? Jumamosi. Mosi ni moja, siku ya kwanza! Jumapili ya pili. Jumatatu ya tatu. Endelea kuhesabu uone unaangukia wapi."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Nikaangukia Ijumaa.

"Ni Ijumaa!" Baba akasema. "Basi kasali msikitini na kina Mzee Saidi, na Jumamosi uje ukoroge wali."

Bibi alimtazama, akasema Mungu hakuumba dunia kwa Kiswahili, akainuka akaenda zake. Maneno yalikuwa makali lakini nilimwona anavyotembea. Alitembea kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Shangazi Dafroza alikuwa jikoni analia, akijifanya moshi umemwingia machoni, na hapakuwa na moto.

Mpunga ulikuwa unaanza kuiva, majira ya kuamia ndege. Kila siku baada ya shule nilipanda dunguni na Bibi, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo katikati ya shamba, tukawafukuza kwelea kwa makelele na mawe ya kombeo. Kesho yake ya ugomvi alikuja amefunga Biblia kwenye khanga. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kusoma herufi ndogo.

"Soma," akaniambia. "Anza ukurasa wa kwanza. Na nakuomba kitu kimoja, Gene. Usinisomee unachokijua. Nisomee kilichoandikwa."

Nikaona ananidharau. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa kusoma, na habari za uumbaji nilizijua tangu mafundisho ya komunyo. Nikaanza kwa kasi: Mungu akaumba nuru, akaitenga na giza, ikawa asubuhi, ikawa jioni, siku ya kwanza.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Asubuhi, jioni.

"Rudia kwa kidole."

Nikaweka kidole juu ya mstari, nikakisogeza neno kwa neno. Haikuandikwa hivyo. Jioni ndiyo iliyotajwa kwanza, asubuhi ikafuata. Nikarukia siku ya pili: jioni kwanza. Ya tatu: vilevile. Siku zote za uumbaji zilikwenda hivyo, na mimi mwaka mzima nilikuwa nimezikariri kinyume, kwa sababu kichwani mwangu siku haiwezi kuanza watu wakiwa wanarudi kutoka shambani.

"Bibi, wamekosea kuchapa?"

Kundi la kwelea likatua kwenye mpunga wetu, wala hatukuliona. "Ama wamekosea wao," Bibi akasema mwishoni, "ama nimekosea mimi. Tafuta."

Ndivyo tulivyoanza kutafuta. Siku baada ya siku tulisoma pale juu, mimi kidole kwenye mstari, Bibi mkono kwenye kombeo, tukikatiza Maandiko kwa kupiga kelele, "Swaaa! Swaaa!" ndege wakiruka. Tulipitia vizazi vyenye majina magumu, tukapitia vipimo vya mbao na mapazia. Tukaingia Walawi, na huko tukapata mkosi. Nilikuwa nasoma orodha ya wanyama wasiofaa kuliwa nikafika kwenye samaki. Nikasoma kwamba kila cha majini kisicho na magamba ni machukizo.

Kambale hana hata gamba moja. Na Biblia yenyewe ilikuwa inanuka kambale kuanzia jalada mpaka jalada.

"Macho yako yamechoka," Bibi akasema. "Hapo tutaparudia mwakani. Songa mbele."

Nikasonga mbele, na mbele kidogo nikaikuta. Mahali panapoeleza sikukuu na siku za mapumziko, imeagizwa watu waishike sabato yao tangu jioni hata jioni. Niliisoma kwa kidole mara nyingi kabla sijamwambia, nikiogopa kusoma ninachokitaka. Nilipomwambia, Bibi alishika nguzo ya dungu kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo Ijumaa jioni ninapotwanga mpunga..."

"Imeshaingia, Bibi."

"Na Jumamosi usiku ninapokaa na njaa nikimsubiri jogoo..."

"Imeshatoka."

Nilidhani atalia. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka dungu likatikisika, akaniambia nimsamehe yule jogoo, alikuwa amebebeshwa kazi isiyo yake.

Ni mimi niliyeliona lile jambo lingine, na mpaka leo nakumbuka joto lililonipanda usoni. "Bibi! Jumamosi ya harusi, jua likizama, Sabato yako imekwisha!"

Akaacha kucheka. "Tafuta na hilo," akasema kwa sauti ndogo. "Nataka kuona mtu amelifanya."

Tukahamia kwenye Injili, na Marko alitukawilisha kidogo sana. Yesu yuko Kapernaumu, siku ya Sabato, anafundisha kwenye sinagogi. Mji mzima una wagonjwa, lakini hakuna anayewabeba. Kisha jua linapokuchwa, watu wote wanajazana mlangoni na wagonjwa wao. Niliwaona kabisa, wamekaa na mizigo yao ya huruma wakilitazama jua, wakingoja lizame ili waruhusiwe kubeba.

Hoja ya Baba nayo ilijibiwa na kitu nilichokuwa nacho siku zote. Pasaka iliyopita nilikuwa nimeigiza kanisani mmoja wa wale wanawake waliobeba manukato. Sasa niliisoma habari yao kwa kidole katika Luka: Bwana akazikwa, Sabato ikaingia, wanawake wakapumzika kama ilivyoamriwa, na siku ya kwanza ya juma, alfajiri, wakaenda kaburini. Na kaburi likakutwa wazi. Siku hiyo Baba mwenyewe huvaa shati jeupe na kuiita Jumapili ya Pasaka! Basi kama Jumapili ni ya kwanza, Jumamosi inayoitangulia ni ya saba, hata kama jina lake linasema mosi. Kiswahili kilianza kuhesabu mahali pengine. Bibi alikuwa amesema kweli siku ile bila kujua.

Kumwambia Baba ilikuwa shughuli. Tulingoja Jumapili, baada ya ibada, Katekista Batromeo alipokuja kunywa togwa kwetu. Katekista alikuwa mtu mpole mwenye masikio makubwa, rafiki wa baba tangu ujana, na Bibi alitaka awepo. "Nisiposikilizwa mimi, utasikilizwa wewe," aliniambia, "na usiposikilizwa wewe, watasikilizana wao."

Nikawaamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikafungua Biblia. Moshi ukatoka. Katekista akapiga chafya. Nikaweka kidole kwenye mstari, nikakibana kwa mkono wa pili. Nikasoma. Nikasoma ya Mwanzo, ya Walawi, ya wagonjwa wa Kapernaumu, nikamaliza na wanawake wa kaburini. Nikafunga Biblia.

"Nani amekufundisha haya?" Baba akauliza.

"Nimesoma, Baba."

Baba akamgeukia Katekista, nadhani akitafuta msaada. Katekista alikuwa anajikuna sikio. "Karoli," akasema, "mkesha wa Pasaka tunauanza lini?"

"Jumamosi, giza likiingia."

"Na tunasherehekea siku gani?"

Baba akanywa funda la togwa.

"Jumapili," Katekista akamjibia, taratibu. "Na wewe ndiye unayebeba mshumaa. Kila mwaka unaianza Jumapili jioni ya Jumamosi, ndugu yangu. Mtoto hajasema jambo geni."

Baba akatazama togwa yake. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni wima kama yuko mbele ya baraza. "Watu wa Lupiro wanataka pantoni ya mwisho," akasema. "Chakula tukikianza jua likizama, hawatawahi kuvuka."

Shangazi Dafroza alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, nikaona ncha ya khanga yake haitikisiki.

"Basi watalala," Baba akasema. "Tafuteni mikeka."

Sijawahi kuona mikeka mingi namna ile. Ilikopwa kutoka nyumba zote, hata kwa Mzee Saidi, aliyeleta na jamvi la kwake mwenyewe. Jumamosi ilipofika, padri akafungisha ndoa, Bibi akiwa kiti cha mbele kwa gauni lake la buluu, mikono imetulia mapajani, akisali Sabato yake katikati ya kanisa la Jumapili. Kisha tukarudi nyumbani, na ndipo mtihani ulipoanza.

Majirani walikuwa wameandaa mboga, nyama na wali mwingi. Sufuria ya kwanza tu ndiyo iliyokaa kando ya mafiga, mchele umeoshwa, kuni zimepangwa, bila moto. Na kabla ya sufuria hiyo hakuna mkwe anayekula. Watu wa Lupiro walikuwa wameamka kabla ya mapambazuko kuvuka mto. Mjomba wa bwana harusi, mzee mnene mwenye fimbo, alianza kuitazama ile sufuria, akamtazama baba, akaitazama tena.

"Shemeji, tunasubiri nini?" akauliza kwa sauti ya kusikika.

Niliona Baba akinyoosha shati lake.

"Tunasubiri siku ya mama yangu iishe," akasema.

Akasema hivyo tu, wala hakuongeza maelezo. Mzee akamtazama, akaketi, akaweka fimbo chini. Wazee wengine wa ng'ambo nao wakaketi. Na watu wote wale wakageuza viti vyao, mmoja baada ya mwingine, wakaelekea magharibi kulitazama jua.

Likashuka, likagusa mgongo wa Udzungwa, likapotea. Baba akainuka. "Mama, tayari!"

"Limejificha nyuma ya mlima," Bibi akajibu kutoka mlangoni. "Halijazama."

Watu wakacheka, wakakaa tena, mjomba mnene akicheka kuliko wote. Tukaungoja wekundu upungue juu ya milima. Ukawa wa machungwa, ukawa kama majivu yenye kaa ndani. Bibi hakuweza kuuona vizuri, akaniita.

"Gene, njoo usome."

Nikasimama kando yake nikasoma mbingu, kwa uangalifu uleule, nikiogopa kusema ninachokitaka. "Bado, Bibi," nikasema. Nikasema tena, "Bado." Kisha ukanda wa mwisho ukazimika, na giza la kwanza likakaa juu ya mpunga uliovunwa. "Sasa."

Bibi Ewalda akasimama. Akafunga khanga kiunoni, akatembea moja kwa moja hadi kwenye mafiga, akawasha moto kwa njiti moja ya kiberiti. Kigelegele alichopiga Shangazi Dafroza, bibi harusi mwenyewe, ambaye kwa adabu hakutakiwa hata kufungua mdomo, nadhani kilisikika Ifakara. Wanawake wakakidaka. Wali ulikorogwa, wakwe wakapakuliwa, na ngoma ya sangula ikapigwa. Bibi akamshika mwanawe mkono, wakacheza polepole, bega kwa bega, wote wawili wakilia na kucheka, mpaka kwa watu wa Lupiro. Kabla ya kumkabidhi alisimamisha ngoma, akanivuta mimi katikati ya watu. "Huyu ndiye macho yangu," akasema, na mjomba mnene akaja kunitunza kwa kunivisha kofia yake mwenyewe, iliyonifunika mpaka puani.

Usiku huo nililala nikijua nimeshinda. Nilikuwa nimemshinda Baba kwa hoja, mbele ya Katekista na mbele ya mto mzima wa Kilombero. Nilitembea na ushindi huo muda mrefu, shingo juu.

Lakini kuna kitu nilikuwa nakiona kila wiki bila kukisoma. Tangu harusi ile, Baba alianza kurudi mapema kutoka shambani siku za Ijumaa. Alifunga madumu kwenye baiskeli, akaenda kisimani, akajaza mitungi ya Bibi mpaka ukingoni. Akapasua kuni, akazipanga mlangoni kwake. Kisha akaangalia jua, akaingia ndani kwetu bila kusema neno. Jumapili alivaa shati lake jeupe akaenda kigangoni kama kawaida, na hakuwahi, mpaka mwisho wa maisha yake, kusema kwamba Bibi yuko sahihi. Mimi nilidhani anaogopa ulimi wa mama yake.

Sasa nina nyumba yangu, na ndani yake watu hatukubaliani kwa mengi. Ijumaa moja, jua likielekea kushuka, nilimkumbuka akihangaika na madumu yale, jasho likimtoka, akikimbizana na jioni kwa ajili ya siku asiyoiamini. Nikaelewa kwamba pale mkekani hakuna aliyemshinda Baba. Alikuwa ametafuta kwa muda mrefu namna ya kumpenda mama yake bila kuacha imani yake, nami nikamwonyesha mahali palipoandikwa.

Mitungi ya Bibi haikuwahi kukutwa mitupu jua likizama Ijumaa, hata wiki moja.